Pitosporamu, kichaka kinachoficha ugonjwa wake

Pitosporamu ni kichaka kinachojua kuficha ugonjwa. Jani lake ni nene, gumu, lenye mng'ao wa nta, na hubaki kijani muda mrefu baada ya mizizi kuanza kuoza. Aliyezoea kutunza waridi au nyanya anaujua mmea unaolalamika mapema: ukikosa maji asubuhi, jioni umeshalegea. Hiki chetu hakilalamiki. Siku utakapoona tawi zima limegeuka kahawia, ujue mambo yaliharibika zamani, na pengine yaliharibikia upande ambao hukuwa unautazama.

Nimeishi na vichaka hivi kwa miaka mingi. Vingine nimevipanda kwa mkono wangu, vingine nilivikuta vimeshakuwa virefu kuliko mimi. Kila anayeniuliza namna ya kuvitunza humwambia hilo kwanza: usingoje jani likwambie. Tazama udongo, tazama shingo ya shina pale linapoingia ardhini, tazama machipukizi mapya, pindua jani uone chini yake. Habari za juu ya jani ni za zamani.

Lakini kabla ya yote, ujue umepanda kipi. Jina pitosporamu linabeba ukoo mkubwa wenye spishi zipatazo 200, zilizotawanyika Afrika, Asia ya mashariki, Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Za bustanini zaidi ni mbili, na tabia zao hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni Pittosporum tobira, asili yake Japani, Korea na China. Majani yake yanapanuka kuelekea nchani, ncha zenyewe ni butu, kingo zimejikunja kidogo kwenda chini, na yamejipanga kuzunguka mwisho wa kila tawi. Ni mmea wa pwani. Upepo wa bahari na chumvi yake haviusumbui, na ukishashika mizizi unavumilia ukame vizuri. Hukua taratibu, hujitanua kwa mapana, na ukiachwa hupita mita 3 kwa urefu. Aina zake fupi, kama 'Nana' na 'Wheeler's Dwarf', huishia karibu na kiuno cha mtu, na hizo ndizo ninazompendekezea asiyependa kushika mkasi.

Ya pili ni Pittosporum tenuifolium ya New Zealand, ambayo Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, huiita kohuhu. Hii ina vitawi vyembamba vya rangi karibu nyeusi na majani madogo yenye kingo za mawimbi, yale wauza maua wanayopenda kuyachomeka kwenye shada. Inakimbilia juu, na ikipewa nafasi na miaka inaweza kufika mita 10. Ziko aina zake zilizochaguliwa kwa rangi: 'Silver Queen' yenye majani ya kijivu yaliyozungushiwa ukingo mweupe, na 'Tom Thumb', kafupi, ambayo majani yake huanza kijani kisha yakikomaa yanageuka zambarau iliyokolea. Nimeona kohuhu ya kawaida imepandwa chini ya dirisha kwa sababu siku ya kununuliwa ilikuwa na umbo la mpira. Mwenye nyumba ile atakuwa anapigana nayo maisha yake yote, na mti hauna kosa.

Sasa maji, maana hapo ndipo vichaka vingi vinapofia.

Jirani yangu mmoja alikuwa na ua wa tobira uliopandwa kwa mstari kando ya ukuta. Kiangazi kimoja vichaka vya mwisho upande mmoja vikaanza kupoteza mng'ao; majani hayakudondoka, yalififia tu na kuinamisha ncha. Akaongeza maji. Baada ya muda akaniita.

"Ndugu yangu, hebu njoo uone maajabu. Kila jioni naimwagilia, na bado inanyauka."

Nikaingiza kidole kwenye udongo. Ulikuwa tope, na harufu yake ilikuwa ya maji yaliyolala.

"Hii haina kiu," nikamwambia. "Inazama."

Alicheka, hakuamini. Tukakishika kichaka cha mwisho na kukivuta, nacho kikatoka bila ubishi, jambo ambalo mmea wa ukubwa ule usingekubali ukiwa mzima. Mizizi mizima ya pitosporamu ina ncha nyeupe na ukiivuta inakatika kwa kishindo kidogo. Ile ilikuwa kahawia, laini, na nilipoufinya mmoja kwa vidole ngozi yake ya nje ikavuka kama soksi mguuni, ukabaki uzi mwembamba wa katikati. Hiyo ndiyo kazi ya vimelea vya kundi la Phytophthora. Mbegu zao ndogondogo zina mikia na huogelea ndani ya maji yaliyojaa kati ya chembe za udongo, zikitafuta ncha za mizizi. Udongo unaopitisha maji haraka hauzipi njia ya kusafiria. Udongo unaolaza maji ni kama umezifungulia barabara.

Kisha ugonjwa unaleta udanganyifu wake: mizizi iliyooza haiwezi kunyonya, kwa hiyo mmea unanyauka huku umesimama ndani ya maji. Mtu akiona kunyauka anakimbilia ndoo. Kila ndoo inaongeza tatizo. Tangu siku ile, nikikuta pitosporamu imelegea, sigusi bomba kabla sijachokoa udongo kwa kijiti mpaka sentimita 10 hivi chini. Ukiwa mkavu, namwagilia. Ukiwa na unyevu, naanza kutafuta maji yanatoka wapi na kwa nini hayaondoki.

Kwa jirani jibu lilikuwa mwinuko wa ardhi. Maji yote ya ule ukuta yaliteremka na kuishia pale mwisho, kwenye udongo wa mfinyanzi. Tulichimba mfereji wa kuyapeleka kwingine, tukaacha kumwagilia upande ule, na vichaka vilivyokuwa vimeanza kufifia vikatoa machipukizi msimu uliofuata. Kile tulichong'oa hatukukibadilisha na kingine cha jamii hiyo. Vimelea hivi hukaa udongoni kwa miaka, na kupanda mche mpya wa pitosporamu palepale ni kuvipelekea chakula.

Kupima kama sehemu inafaa ni kazi ya jioni moja. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena. Ile mara ya pili ndiyo yenye jibu, kwa sababu udongo umeshashiba. Ukirudi asubuhi ukakuta maji bado yamo, pitosporamu haitaishi vizuri hapo. Wengi huambiwa wachimbe shimo kubwa zaidi na kulijaza mchanga na mboji. Katika mfinyanzi hilo ni kutengeneza bakuli: maji yanaingia kwa urahisi pale palipolainishwa, yanagonga kuta ngumu, yanakaa. Mimi huinua badala ya kuchimba. Tuta pana la sentimita 20 hadi 30 kutoka usawa wa ardhi, la udongo uleule uliochanganywa na mboji, huiweka mizizi juu ya tatizo.

Wakati wa kupanda nautoa mche kwenye chungu na kuukagua chini. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu haitajinyoosha yenyewe. Inabidi kuichana kwa vidole au kuikata kwa kisu pande tatu nne, maana ikiachwa itaendelea kujizungusha na baadaye kulinyonga shina. Kisha shingo ya shina, pale linapopanuka kuingia kwenye mizizi, ionekane juu ya udongo. Nikirudi baada ya mvua kadhaa naangalia tena, kwa sababu tuta hushuka na udongo husogea kulifunika shina. Matandazo ya majani makavu au magome ni mazuri sana, lakini nayaacha mbali na shina kwa upana wa kiganja. Gome lililofunikwa unyevu mwaka mzima huanza kuoza kimyakimya.

Mche mchanga unataka maji kwa miaka miwili ya mwanzo, mengi kwa mpigo na kwa nafasi. Kunyunyizia kidogo kila siku kunaifundisha mizizi kukaa juu. Baada ya hapo tobira inajitegemea isipokuwa kiangazi kiwe kikali mno. Kohuhu huhitaji kuangaliwa zaidi, majani yake madogo hukauka kingo upepo wa moto ukivuma. Kuhusu mbolea sina mengi: mboji mara moja kwa mwaka inatosha, na mbolea nyingi ya chumvichumvi huleta machipukizi laini ambayo vidukari hawayapiti.

Wadudu nao wana namna yao ya kujificha, na mpelelezi wangu ni sisimizi. Nikiona msururu wake unapanda na kushuka shina la pitosporamu, najua kuna kitu juu kinachotoa utamu. Naufuata msururu kwa macho mpaka unapoishia, kisha napindua majani ya hapo. Wadudu gamba hujipanga kando ya mshipa mkuu upande wa chini, na pia kwenye vitawi penye kivuli cha ndani. Mmoja wao anaipenda pitosporamu kupita kiasi: Icerya purchasi. Mwili wake ni mdogo, wa rangi ya kahawia iliyoelekea chungwa, lakini nyuma yake anaburuta mfuko mweupe wa nta, mrefu kuliko yeye mwenyewe, wenye mistari iliyochongeka sawasawa kwa urefu. Ukiupasua kwa kucha utakuta mayai mekundu kwa mamia. Ajabu nyingine ni kwamba wengi wa wadudu hawa wana viungo vya kiume na vya kike ndani ya mwili mmoja, kwa hiyo mdudu mmoja tu aliyefika na mche wa dukani anatosha kuanzisha ukoo.

Wanafyonza utomvu na kumwaga maji matamu. Maji hayo yakidondokea majani ya chini, ukungu mweusi unaota juu yake, na hapo ndipo watu wengi wanapogundua: "mti wangu umeingia masizi." Wanafuta masizi. Ukungu ule hauli jani, unakula ule utamu uliomwagika. Ukiwaondoa walio juu, mweusi wa chini utabanduka wenyewe kwa mvua.

Mdudu huyu ana historia inayonifanya nisikimbilie sumu. Asili yake ni Australia, na katika karne ya 19 aliingia California akakaribia kumaliza michungwa na milimao ya huko. Mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu, Albert Koebele, alitumwa Australia kutafuta adui yake wa asili, akaleta mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, Rodolia cardinalis. Alipoachiwa mashambani alikula Icerya kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea, na kufikia mwishoni mwa 1889 wakulima walikuwa wamepumua. Baadaye mbawakawa huyo alisambazwa nchi nyingi duniani. Anayepulizia dawa kali kichaka kizima anamuua huyu pamoja na yule, na kati ya hao wawili mdudu gamba ndiye anayerudi kwanza.

Kwa hiyo ninapowakuta, kwanza nawatazama kwa karibu. Kama kati ya mifuko myeupe kuna viluwiluwi vyekundu vya mbawakawa vinavyotembea na kung'ata, naviachia kazi. Kama havipo, nakata vitawi vilivyojaa zaidi na kuvitoa nje ya bustani, nasugua waliobaki kwa brashi laini, kisha jioni, jua likishapoa, napulizia maji ya sabuni nyepesi, nikilenga chini ya majani. Sabuni humuua inayemgusa, iliyokauka haina kazi, basi narudia baada ya wiki moja au mbili kwa wale waliokuwa bado mayai. Sisimizi nao nawazuia wasipande, kwa mkanda wenye gundi uliozungushwa juu ya kitambaa kwenye shina. Hawafyonzi mti, lakini wanawalinda wadudu gamba dhidi ya maadui zao kwa ajili ya ule utamu, na bila walinzi hao mbawakawa hufanya kazi yake kwa amani.

Mkasi ni habari nyingine. Watu wengi wanaipogoa tobira kwa mkasi mrefu wa ua, wa mikono miwili, au kwa mashine, na matokeo yake yanaonekana siku chache baadaye: majani mapana yaliyokatwa nusu, kila moja na ukingo wa kahawia. Mimi natumia mkasi mdogo wa mkono mmoja, naingiza mkono ndani ya kichaka na kukata tawi moja moja juu kidogo ya kifundo. Kazi ni ya polepole, sikatai. Lakini majukumu ya mkasi si umbo peke yake. Tobira ikikatwa ncha hutoa vitawi kadhaa kwa pamoja pale chini ya kidonda, na ukiikata juujuu kila mwaka unapata ganda la majani mazito nje na mifupa mitupu ndani. Ndani hamna mwanga, hamna upepo, na wadudu gamba wamepata nyumba. Nikiondoa matawi machache mpaka ndani kabisa, jua linaingia na machipukizi yanatokea kwenye mbao za zamani.

Wakati wa kukata unategemea maua. Tobira hutoa vitumba vyake mwishoni mwa matawi yaliyokua msimu uliotangulia, kwa hiyo anayepogoa kabla ya maua anayatupa maua yenyewe. Ninasubiri yafunguke, meupe, yenye harufu ya maua ya mchungwa, yageuke rangi ya siagi, yaanze kusinyaa, ndipo nashika mkasi. Kohuhu maua yake ni madogo, ya zambarau iliyokaribia weusi, yamejibana kwenye makwapa ya majani. Unaweza kupita mchana kutwa usiyaone, kisha giza likiingia bustani nzima inanukia asali na hujui inatoka wapi. Wageni huniuliza ni ua gani. Nikiwaonyesha kijiua chenyewe wanadhani nawatania.

Kwenye aina zenye majani ya mabaka meupe, chipukizi la kijani kitupu likitokea nalikata siku hiyohiyo, tena kuanzia chimbuko lake. Kijani kina nguvu ya kujitengenezea chakula kuliko cheupe, na kikiachwa kitakimbia mbele mpaka kichaka chote kigeuke. Kivuli kizito nacho hufubaza rangi hizo, kwa hiyo zinataka jua la kutosha, walau la nusu siku. Baridi ya kugandisha inaweza kuviumiza vichaka hivi, na mti uliochomwa na barafu nausubiri utoe machipukizi kabla ya kuamua kipi kimekufa. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, tawi liko hai hata kama halina jani moja.

Kuzizalisha kunahitaji uvumilivu. Aina zilizochaguliwa kwa rangi au ufupi hazirudii sura kwa mbegu, hivyo nakata pingili za matawi yaliyoanza kukomaa, yale ambayo ncha yake bado inapinda ila kitako kimeshakuwa kigumu. Natoa majani ya chini, nachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, nafunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, naweka kivulini. Hapa pia jani linadanganya: pingili inaweza kubaki kijani kwa miezi bila mzizi hata mmoja. Naivuta kidogo kwa vidole. Ikinikatalia, imeshika.

Mbegu zinafaa kwa spishi zenyewe. Kijitunda kigumu hupasuka kikaonyesha mbegu zilizozama kwenye gundi, nyekundu kwa tobira, nyeusi kwa kohuhu. Gundi hiyo inanata vidoleni na haikubali maji matupu. Nazisugua na mchanga mkavu mpaka ziachane, kisha nazipanda. Si kila kichaka huzaa, kwani vingi vina maua yanayofanya kazi ya kiume tu au ya kike tu, na kikiwa peke yake kinaweza kuchanua kila mwaka bila tunda.

Gundi hiyohiyo ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu na spishi moja, Pittosporum undulatum ya mashariki mwa Australia. Ni mti mzuri, una maua yenye harufu tamu na mbegu za rangi ya chungwa ambazo ndege wanazipenda. Ndege hao wameusambaza hadi ukawa gugu la misituni katika Milima ya Blue ya Jamaika, visiwa vya Azores na Afrika Kusini. Anayetaka mti mkubwa wa ukoo huu barani Afrika anao wa nyumbani, Pittosporum viridiflorum, unaoota wenyewe kuanzia Afrika Kusini hadi nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nje ya Afrika huo nao unafaa kuulizwa kwanza, kwani Hawaii umeshaleta taabu ileile. Undulatum siupandi, na miche yake ikijitokeza kwenye matuta yangu kwa hisani ya ndege naing'oa ingali na majani manne matano, mzizi wake ukiwa bado unatoka wote kwa mkono mmoja.